Njaa Haisubiri Tumbo Lingurume

Kuna simu tunazijua kabla hatujapokea. Saa tisa kasoro, sufuria ziko kwenye maji, mteja anapiga: "Dada, chochote kilichobaki, hata ukoko." Njaa yake ilianza saa sita, akaipuuza.

Fundi cherehani mmoja tunayempelekea chakula Kariakoo, dalili yake ni uzi. Akikosa tundu la sindano mara ya tatu, anajua muda umefika. Wengine ni ukali: kijana wa dukani anafokewa kwa chenji ya shilingi 200. Wengine ni miayo, kichwa kuwa kizito, kusoma mstari uleule mara mbili.

Wengi husubiri tumbo lingurume. Tumbo likiwa tupu, misuli ya tumbo na utumbo hujikaza kwa mawimbi kila baada ya dakika 90 hadi 120, ikisukuma mabaki kwenda chini. Hewa na majimaji yaliyomo ndiyo yanayopiga kelele. Wimbi likipita kelele inakwisha, nawe unasema njaa imekufa. Wapi! Tumbo hilohilo linatoa ghrelini, homoni inayoleta njaa, ambayo hupanda unapokaribia saa uliyozoea kula.

Na wale wa "siruhusiwi kukaa na njaa, nina vidonda vya tumbo": vidonda vingi huletwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, au dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen. Maumivu ya kuchoma yakikuamsha usiku, nenda ukapime. Wali wetu hautibu hilo.

Mwenye kisukari anayejichoma insulini, akianza kutetemeka na kutokwa jasho jembamba, asisubiri bodaboda yetu. Anywe kwanza nusu glasi ya soda yenye sukari au juisi, kisha ale.

Kwa hiyo sasa tunapokea oda kuanzia saa nne asubuhi, na sahani inakufikia kati ya saa sita na nusu na saa saba. Kula taratibu, maana shibe huchukua kama dakika 20 kusikika. Wateja wa saa tisa humaliza ugali kwa dakika tano, wanaomba wa kuongeza, halafu eti chakula chetu kinaleta usingizi.

Oda ya kesho unaweza kuituma hata usiku huu. Kuna makande ya nazi, na huwa hayafiki saa nane.