Bajeti ya Mji Mkongwe isome kalenda ya mvua

Ndugu Mhariri,

Jengo la kale la Serikali katika Mji Mkongwe wa Zanzibar likitajwa kwenye bajeti, mara nyingi hutajwa kama mradi. Hutafutwa mfadhili, huzungushiwa mabati, hukarabatiwa, huzinduliwa. Mwaka unaofuata haipo kasma, yaani fungu la bajeti, ya kumlipa mtu apande juu azibue mfereji wa maji. Mjadala wetu huishia kwenye “fedha hazitoshi”. Ni kweli hazitoshi, ila kuna swali linalokuja kabla ya hilo: zinatoka mwezi gani, na kwa kazi gani?

Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wa nusu mita au zaidi. Nje na ndani yamepangwa mawe, katikati ni vipande vya mawe na chokaa. Sakafu hukaa juu ya boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vingi havizidi upana wa mita tatu hivi. Boriti ndiyo iliyopima chumba. Nyumba ya namna hii haina adui kama maji. Mfereji wa paa ukitoboka, maji huteremka ndani ya ukuta na kuosha chokaa ya katikati kidogo kidogo, mpaka ukuta unafura tumbo bila mtu kujua ulianza lini. Kichwa cha boriti kilichozama ukutani huoza kwanza, ilhali katikati ya chumba boriti hiyo hiyo inaonekana nzima. Mkaguzi anayeinua macho darini na kuandika “hali nzuri” hajakagua kitu. Anatakiwa achome boriti kwa bisibisi pale inapoingia ukutani, aanzie chini ya vyoo na chini ya matangi ya maji. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, na waliojenga nyumba hizi hawakuwa na tangi la aina hiyo akilini.

Saruji nayo huongeza ubaya. Ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu kama chokaa, kwa hiyo maji yaliyokwishaingia ukutani hukosa pa kutokea. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na lipu ikibanduka huondoka na uso wa jiwe. Mafundi wazee wanalijua hili. Pamoja na hayo, kwenye zabuni saruji hushinda kwa sababu inamaliza kazi haraka. Chokaa yataka ilowekwe miezi mitatu walau, ipakwe kwa matabaka membamba, kila tabaka lisubiriwe lishike, linyunyiziwe maji na likingwe na jua. Jedwali la kazi likiandika “kupiga lipu” tu, pasipo aina ya chokaa, uwiano (sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga), idadi ya matabaka na siku za kusubiri, mkandarasi wa bei ya chini aliyeleta saruji hajavunja mkataba. Aliyekosea ni aliyeandika jedwali.

Sasa kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Disemba. Muda mzuri wa kufungua paa na kupaka chokaa ni Juni hadi Septemba, halafu kuna upenyo mfupi Januari na Februari. Chukulia bajeti imepitishwa Juni, zabuni ikatangazwa Septemba, mkataba ukasainiwa Januari na malipo ya awali yakatoka Machi. Paa linafunguliwa siku ambayo mawingu yamekwishatanda! Kisha Juni inafika, na kila mtu anakimbizana na tarehe 30 ili fedha zisirudi Hazina. Chokaa haijui tarehe 30 Juni.

Dawa yake haihitaji sheria mpya. Ofisi zinazomiliki majengo ziingie mikataba ya miaka mitatu yenye bei kwa kipimo: mita moja ya mraba ya lipu ya chokaa, boriti moja ya kubadilishwa, mita moja ya mfereji. Hapo wiki ya kwanza ya Julai fundi anaitwa kazini bila kuanza zabuni upya. Mgao wa robo ya kwanza nao uwe mkubwa kuliko wa robo nyingine, maana kugawa sawasawa kwa robo nne ni kupanga nusu ya kazi ifanyike mvuani. Kwa kazi kubwa zenye bei moja ya jumla, iwekwe akiba ya asilimia 15 hadi 20 kwa ajili ya yale yatakayoonekana lipu ikishabanduliwa. Bila akiba hiyo, mkandarasi akikuta ukuta mtupu ndani ana sababu nzuri ya kuufunika haraka.

Kuhusu kiasi, kipimo kinachotumika sana kwa majengo ya umma ni kutenga kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kulijenga jengo upya. Jengo ambalo kulijenga upya ni shilingi bilioni 2 linahitaji milioni 40 hadi 80 kwa mwaka. Kama hizo ni nyingi, zianze kwenda kwenye maji: paa, mifereji, mabomba ya kushushia, vyoo, na miche ya miti inayoota kwenye kingo za kuta. Rangi ya nje isubiri, hata kama mgeni wa kitaifa anakuja.

Usimamizi una fundo lake. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, inaweza kumsimamisha mwenye nyumba binafsi anayeongeza ghorofa bila kibali. Lakini nyumba nyingi ziliingia mikononi mwa Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na nyingine ni ofisi na makumbusho. Huko Serikali ni mwenye nyumba, mpangaji na mkaguzi kwa pamoja. Idara ikitoboa ukuta kuweka kiyoyozi, nani atamwandikia Katibu Mkuu barua ya kusimamisha? Kila jengo lipewe ofisa masuuli mmoja, yaani anayejibu kwa fedha zake, anayejulikana kwa cheo, na daftari lake: ukaguzi kabla na baada ya masika, picha kutoka sehemu zile zile, na vipimo vya nyufa. Kupima ufa ni kazi rahisi. Piga misumari miwili midogo, mmoja kila upande, pima umbali kwa kalipa kila mwezi, andika tarehe. Ufa uliosimama miaka kumi hauna haraka. Unaoongezeka milimita moja kwa miezi miwili unataka mhandisi wiki hiyo hiyo. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akija, aombe daftari hilo pamoja na stakabadhi, na aje na mhandisi. Stakabadhi safi ya mabati haimwambii kama bati lilifika juu ya paa.

Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, lilijengwa mwaka 1883 enzi za Sultan Barghash. Sehemu yake iliporomoka mwaka 2012. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati ukarabati uliogharamiwa na Oman ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa ilianguka na watu wawili wakafariki. Kati ya tarehe hizo mbili zilipita masika nane. Brazil nao, Makumbusho ya Taifa yaliyoko Rio de Janeiro yaliteketea Septemba 2, 2018, miezi michache tu baada ya kupatikana makubaliano ya fedha za kuyakarabati. Kusubiri mfadhili ni kipindi chenye hatari zake, nacho kinahitaji kasma yake: paa la muda, nguzo za kuegemeza zinazoshuka mpaka ardhini badala ya kusimama juu ya sakafu nyingine mbovu, kukata umeme usiotumika, na kuzuia watu wasipite chini ya roshani.

Kwa hiyo ombi langu kwa wajumbe wetu wa Baraza la Wawakilishi, kule Chukwani, ni jedwali moja tu, liambatanishwe kwenye bajeti ijayo: jina la kila jengo la kale la Serikali, ofisa anayewajibika, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, fedha zilizotengwa, na mwezi zilizotoka.

Msomaji wako,
Unguja