Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dozi moja haimtoshi msichana anayeishi na VVU

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Nakuandikia nikiwa mkunga mstaafu niliyetumia sehemu kubwa ya utumishi wangu katika kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo wagonjwa wetu huiita CTC. Jambo linalonisukuma ni saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana na wanawake wanaoishi na VVU.

Mwaka 2018 nchi yetu ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, kwa dozi mbili, na mwaka 2024 tukahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uamuzi huo nauunga mkono kwa dhati, kwa sababu ushahidi wa dozi moja ni mzito na kila dozi inayookolewa humfikia msichana mwingine. Lakini katika waraka ule ule wa Desemba 2022 ulioridhia dozi moja, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwenye upungufu wa kinga, akiwemo anayeishi na VVU, apewe dozi zisizopungua mbili, na ikiwezekana tatu. Msichana huyo hukaa darasani na wenzake siku timu ya chanjo inapofika shuleni. Hatajitaja mbele ya watu, wala hapaswi kulazimishwa kujitaja. Akishachanjwa mara moja na kurudi kwenye dawati lake, ni nani atakayemfuata kwa dozi ya pili?

VVU vyenyewe havigeuzi seli za mlango wa kizazi kuwa saratani. Kazi hiyo hufanywa na HPV, kirusi ambacho watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani wa maisha yao. Mwili wenye kinga nzima hukiondoa ndani ya miaka miwili hivi kwa takriban watu tisa kati ya kumi. Kinga iliyodhoofika hushindwa kukiondoa, nacho hukaa, na kadiri kinavyokaa ndivyo protini zake mbili, E6 na E7, zinavyoendelea kulemaza protini za mwili ambazo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isigawanyike. Kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida safari ya kutoka maambukizi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20, ila kwa aliyedhoofika kinga inaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Ndiyo maana hatari ya saratani hii kwa mwanamke mwenye VVU ni takriban mara sita ya hatari ya mwenzake asiye navyo.

Dawa za kufubaza VVU hupunguza hatari hiyo, hasa zikianzwa mapema, lakini haziimalizi. Nimewahudumia wanawake walioshika dawa zao miaka mingi bila kukosa, virusi havionekani tena kwenye kipimo cha damu, kisha wakatueleza kwamba wanatokwa na damu baada ya tendo la ndoa, na tulipowachunguza tukakuta uvimbe umeshavuka mlango wa kizazi. Linaloniuma, Mheshimiwa, ni kwamba hawa hawakuwa watu waliojificha wasitafute huduma. Walikuja kliniki kila walipopangiwa, tukawapima uzito, tukawapa dawa, tukawaruhusu waende.

Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke mwenye VVU aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 25, na arudie kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, kwa kipimo cha vinasaba vya HPV panapowezekana. Kipimo cha siki, ambapo mlango wa kizazi hupakwa siki kisha ukatazamwa, kimeokoa wengi na sikidharau, ila kinategemea jicho la anayetazama. Sampuli ya HPV mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba, faraghani, jambo linalowaondolea wengi aibu ya kupanda kitandani. Tena mashine za GeneXpert, ambazo tayari tunazitumia kupimia kifua kikuu, zinaweza kupima HPV zikipatiwa katriji zake.

HPV haiko peke yake. Kirusi cha HHV-8, kilichogunduliwa 1994, husababisha saratani ya Kaposi, ambayo mara nyingi huonekana kwenye ngozi. Kirusi cha Epstein-Barr, kilichoonekana mara ya kwanza 1964 katika uvimbe wa watoto wa jirani zetu Uganda, huchangia saratani za tezi za limfu kinga inaposhuka. Hali hiyo huwapata pia waliopandikizwa figo, huduma inayotolewa Muhimbili tangu 2017, kwa kuwa dawa za kuulinda upandikizi hufanya kazi kwa kuituliza kinga. Wasisahauliwe nao katika miongozo ya chanjo na uchunguzi.

Ninaomba Wizara iwaandikie Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya kwamba dozi za nyongeza za HPV zitolewe ndani ya CTC, siku msichana anapofuata dawa, na ziandikwe katika kadi yake ya kliniki. Na aliyevuka miaka 14 kabla hajachanjwa asiachwe. Kama maelekezo ya namna hiyo yameshaandaliwa, basi yafike hadi zahanati, maana huko ndiko wauguzi wanakoulizwa maswali. Uchunguzi wa mlango wa kizazi nao ufanyike siku hiyo hiyo na chini ya paa hilo hilo, na anayekutwa na dalili za awali atibiwe bila kupewa rufaa ya mji mwingine, kisha apimwe tena baada ya miezi 12. Mwisho, naomba Wizara itangaze kila mwaka, kwa kila mkoa, ni wanawake wangapi wenye VVU waliochunguzwa, na ni wangapi kati ya waliokutwa na tatizo walipata matibabu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkunga mstaafu,
Tanga.