Mwizi afungiwe, lakini kompyuta namba nne ina kosa gani?

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye mambo ya dijitali, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Katuba, Lubumbashi. Nina chumba cha michezo chenye kompyuta sita na televisheni mbili za manete, vile vidude vya mkononi vya kuchezea. Vijana wanalipa kwa saa. Umeme ukikatika, ninaandika kwenye daftari dakika zilizobaki za kila mmoja, siku ukirudi anazimalizia. Hata mtu akiniudhi, dakika alizolipia sizigusi.

Ninakuandikia kwa sababu ya kompyuta namba nne.

Jumamosi moja kijana alichomeka flashi yake pale. Ndani mlikuwa na programu ya kulenga shabaha: wewe unashika mausi tu, risasi zinajipeleka zenyewe kichwani kwa adui. Mimi sikuiona. Nilisikia wenzake wakicheka kwamba leo ana mkono wa dawa. Siku tatu baadaye nikafungua mchezo uleule kwa akaunti yangu, niliyoilipia dola 60 kwa kadi ya binamu yangu aliyeko Afrika Kusini. Likatokea dirisha jekundu: umefungiwa daima. Kampuni yenye mchezo ilikuwa imechukua alama za mashine yenyewe, diski na vyuma vyake vya ndani, na kila akaunti inayofunguliwa juu yake inafungwa pamoja nayo. Hata ile sehemu ya kucheza peke yangu haifunguki tena.

Nikaandika malalamiko. Jibu lilifika kabla sijanawa mikono ya bukari, ugali wetu: uamuzi ni wa mwisho. Siku gani, mechi gani, programu gani, hakuna.

Simtetei mwizi. Kijana yule nilimfukuza mwenyewe na hajakanyaga tena hapa. Anayetrisha, kama tunavyosema huku kwa anayedanganya mchezoni, kwenye mechi ya watano kwa watano anawaharibia jioni watu tisa, na pengine mmoja wao amelipa saa yake kwa pesa ya kuuza maji barabarani. Afungiwe. Ninaelewa pia kwa nini kampuni zinaifuata mashine: ukifunga akaunti peke yake, kesho anafungua nyingine kwa jina la bibi yake.

Ila kufungia ni kitu kimoja na kunyang'anya ni kingine. Pale Kamalondo, kwenye uwanja wa TP Mazembe, mwamuzi akikuinulia kadi nyekundu unatoka, na mechi inayofuata unaitazama jukwaani. Hakuna anayekuvua viatu ulivyonunua. Tena rafu yako watu wameiona. Na kwa mchezo wa peke yako, bila mtandao, ukijipa risasi elfu moja unamwibia nani?

Kampuni ikitaka, inaweza kuweka mpaka. Valve, wenye duka la michezo la mtandaoni liitwalo Steam, wana mfumo wa kunasa wadanganyifu tangu 2002. Ukinaswa, unazuiwa kuingia kwenye seva zinazolindwa na mfumo huo, na adhabu haina mwisho. Lakini mchezo unabaki kwenye akaunti yako, peke yako unacheza. Na mfumo huohuo uliwahi kukosea: mwaka 2010 uliwafungia bure wachezaji wapatao 12,000 wa Call of Duty: Modern Warfare 2. Valve wakakiri, wakawafungulia, wakawapa mchezo mwingine wa kuwapoza. Oktoba 2023 ikawa tena: kampuni ya AMD ilitoa programu mpya ya kadi zake za picha, vyuma vinavyochora picha kwenye skrini; waliowasha kipengele chake kimoja ndani ya mchezo wa Counter-Strike 2 wakafungiwa kama wezi, mpaka AMD wakaiondoa. Watu 12,000 wakipiga kelele wanasikika. Mtu mmoja wa Katuba atasikiwa na nani?

Kampuni hizo zinamfikiria mtoto mwenye chumba chake na mashine yake. Huku mashine moja ina wenyewe arobaini. Simu za watu wengi wasiojuana zinatokea kwenye intaneti kwa anwani moja; ukiifunga hiyo, umewafunga wote. Umeme ukizima katikati ya mechi, mfumo unaona mtu amekimbia wenzake, unampa adhabu. Kwa hesabu hiyo mtrishaji mkubwa kuliko wote Lubumbashi ni umeme.

Wataniambia sikununua mchezo, nilinunua ruhusa ya kuutumia. Ndivyo mkataba unavyosema, ule tunaobonyeza "nakubali" bila kusoma. Basi waandike hivyo mlangoni. California imewalazimisha tangu tarehe 1 Januari 2025: duka la dijitali likiandika "nunua", limweleze mteja kwamba anachopata ni leseni. Ulaya nako sheria inayataka majukwaa yampe mtu sababu ya kufungiwa na njia ya kulalamika.

Sisi tuna Code du numérique, sheria yetu ya mambo ya dijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, na biashara ya mtandaoni imo. Toa agizo juu yake, Mheshimiwa. Anayemuuzia Mkongomani mchezo amwambie kosa, siku na mechi, kwa lugha anayoielewa. Malalamiko yasomwe na mtu mwenye macho. Sehemu ya kucheza peke yako ibaki wazi, la sivyo pesa irudi. Najua hakuna mkurugenzi ng'ambo atakayetetemeka kwa karatasi ya Kinshasa. Lakini vijana wanaonunua kwa pesa ya simu, pesa yao inapita kwenye kampuni zinazofanya kazi kwa leseni ya Serikali. Pale unaposhika, utasikiwa.

Kompyuta namba nne siku hizi inachapa barua za kuomba kazi. Hii pia imechapwa pale.

Mwenye chumba cha michezo,
Katuba, Lubumbashi