Baridi ya Mbeya haizuii mionzi ya jua

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme hili maana kila mwaka linapita hivi hivi. Tarehe 13 Juni, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, huku kwetu nyanda za juu baridi inakuwa kali kweli kweli, kofia na losheni za kukinga jua zinagawiwa, picha zinapigwa, halafu kesho yake unasikia mtu mzima anamwambia mtoto mwenye ualbino vua hiyo kofia bwana, kwani jua lenyewe liko wapi leo.

Jamani joto unalolisikia na mionzi inayounguza ngozi ni vitu viwili tofauti kabisa. Jua linatuletea mwanga huu wa kuona, linaleta infraredi ambayo ngozi inaisikia kama joto, na linaleta UV, yaani urujuanimno, hii huioni wala huisikii mpaka ngozi ishaungua. Wala si habari mpya, infraredi aliigundua William Herschel mwaka 1800 na mwaka uliofuata Johann Ritter akaipata UV. Mwanga tunaouona unaishia kwenye zambarau, urefu wa wimbi kama nanomita 400 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), chini ya hapo ndo UV, na mawimbi yakizidi kuwa mafupi nguvu yake inazidi, ndo maana UVB, aina mojawapo ya UV, ya nanomita 280 mpaka 315 inaweza kuharibu DNA, yaani vinasaba, ya seli za ngozi. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inatukinga wengi wetu. Mwenye ualbino hana kinga hiyo au anayo kidogo mno, na saratani ya ngozi inamfuata akiwa bado kijana.

Sasa Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kila mita 1,000 UV inaongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa sababu hewa ya kuichuja inapungua. Yaani hapa tunapovaa masweta, anga likiwa jeupe UV ya mchana inaweza kuwa kali kuliko ya Dar watu wanakotoka jasho! Mawingu mepesi nayo hayazuii kitu cha maana. Kama huna kipimo angalia kivuli chako, kikiwa kifupi kuliko wewe mwenyewe basi UV iko juu, mtoto aingie kivulini.

Halafu tunagombana na minara ya simu tukiogopa mionzi yake, wakati mawimbi yake hayana nguvu ya kuvunja DNA, hata mwanga wa taa ya sebuleni unayazidi kwa nguvu ya kila chembe ya mionzi (fotoni).

Kinachoniuma zaidi ni shule. Zipo zinazokataza kofia paredini eti si sare, na kipindi cha michezo kinawekwa saa sita mchana. Naomba maafisa elimu watoe maelekezo, mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu mwaka mzima bila kuulizwa, na michezo ihamie asubuhi mapema. Na losheni, hospitali ya KCMC Moshi imekuwa ikitengeneza Kilisun maalumu kwa watu hawa, basi ifike mpaka zahanati za vijijini kila mwezi kama dawa nyingine, maana inatakiwa kupakwa tena kila baada ya masaa mawili ukiwa juani na chupa ya Juni haimalizi hata msimu wa kulima.

Msomaji wako,
Mbeya