Barua kwa Rehema kuhusu Chebet

Umoja, Nairobi
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi ni wazima. Mguu wa Baba Kamau umepona, watoto wamerudi shule, maji hayajafika kwenye mifereji tangu Alhamisi. Najua tangu arobaini ya mama sijakutafuta ipasavyo, na ujumbe wako wa Julai niliusoma nikiwa kazini nikasema nitaujibu nikifika nyumbani. Nisamehe, ndugu yangu. Leo nimekaa kitako kuandika kwa sababu nina ombi, na sikutaka kuliomba kwa simu. Kwa simu utasema "mlete" kabla sijamaliza, nawe sharti usikie lote.

Kuna msichana anaitwa Chebet, yuko mwaka wa mwisho wa diploma ya uuguzi. Nataka umpokee huko Kinango kwa wiki nne, alale kwako, na umwombee kwa metroni wa hospitali yenu nafasi ya kufanya kazi leba, chumba cha kujifungulia, chini ya mkono wako. Mkono wako hasa, si wa mtu mwingine. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Ijumaa asubuhi nilitoka zamu ya usiku. Tulikuwa wauguzi wawili, akina mama 31 pamoja na vichanga vyao. Nimeshakabidhi ripoti, nimeshavua viatu vya kazi, nikamkuta amesimama mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo na kile kitabu chao cha mazoezi amekikumbatia kifuani. Akaniambia, "Sista, nimebakisha sita tu." Alimaanisha sahihi sita, za wazazi sita aliotakiwa awe amewazalisha kwa mikono yake mwenyewe chini ya usimamizi. Nikamuuliza ni lini tulizalisha pamoja. Akainamisha kichwa. Akasema wenzake wote wameshatiliwa sahihi, chuo kinafunga orodha, na bila sahihi hizo hatapelekwa kwenye mtihani wa Baraza la Wauguzi, ule wa kupata leseni.

Nilikataa. Alilia pale pale mlangoni, kilio cha mtu aliyechoka. Mimi nikapanda matatu nikaja nyumbani, na sikupata usingizi.

Kilichoniondolea usingizi ni kwamba msichana yule si mvivu. Nimemwona. Huja mapema, huosha mikono vizuri, huongea na wazazi kwa upole. Lakini leba yetu ina vitanda vinne, na wiki iliyopita nilihesabu wanafunzi 11 kutoka vyuo vitatu, mbali na wale wa udaktari na wa utabibu ambao nao wana vitabu vyao. Mtoto mmoja akizaliwa anapokelewa na mmoja, watatu wanachungulia kwa nyuma ya mabega, waliobaki wako koridoni. Juzi mama mmoja, uchungu umembana, alinishika kanzu akaniuliza, "Hawa wote wamekuja kunitazama mimi?" Niliona aibu. Niliwatoa wote nikabaki na mmoja, na huyo mmoja hakuwa Chebet.

Miaka ile yetu, wewe unakumbuka, tulikuwa tunagombaniwa na wodi. Siku hizi vyuo vimetapakaa kila kaunti, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, peke yake ina kampasi zaidi ya 70, achilia mbali vyuo vikuu na vile vya binafsi. Silalamiki kwamba watoto wanasoma. Mtoto wa Kapenguria akisomea karibu na kwao ni jambo jema sana. Ila darasa hujengwa kwa mwaka mmoja, na wodi ya kufundishia haijengwi kwa mwaka mmoja. Inahitaji wazazi, inahitaji vitanda, na zaidi ya yote inahitaji muuguzi mzoefu mwenye nafasi ya kusimama kando ya mwanafunzi dakika 40 bila kuitwa kwingine. Huyo ndiye hatuna.

Na hapa ndipo watu wengi wa nje wanakosea. Wakisikia upungufu wa wauguzi wanadhani wauguzi hawapo. Wapo, Rehema! Jirani yangu wa ghorofa ya tatu ana digrii ya uuguzi na leseni halali, na anauza nguo za watoto hapa soko la Mutindwa. Walioajiriwa kwa mikataba ya UHC, ule mpango wa afya kwa wote, mwaka wa 2020 walikaa miaka mitano hawajui kesho yao, na mwaka huu umewaona wamepiga kambi nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya. Mwenzetu Wambua alikuwa pale pia, amekonda. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Mei 12 mwaka huu, Siku ya Wauguzi: dunia ina wauguzi milioni 29.8, na bado imepungukiwa milioni 5.8. Mimi nilipoisoma nilimfikiria jirani yangu na nguo zake. Yeye anahesabiwa wapi? Tangu afya ikabidhiwe kaunti mwaka wa 2013 kila mtu anamwonyesha mwenzake kidole kuhusu nani alipe mshahara, na mwaka huo huo ndipo kujifungua katika hospitali za umma kulifanywa bure. Akina mama wakaja, kwa haki yao. Sisi tukabaki idadi karibu ile ile.

Halafu kuna wanaoondoka. Simlaumu Akinyi, wala usidhani namlaumu. Yule amesomesha wadogo zake wote kwa mshahara wa Uingereza na mama yake amejengewa nyumba. Lakini Akinyi ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa leba kwa vitendo, hata kama cheo hicho hakuwahi kupewa. Wanaotafuta wauguzi kutoka nje hawamtaki aliyemaliza jana, wanamtaka mwenye miaka yake wodini. Kwa hiyo akiondoka mmoja, kwenye karatasi tumepungukiwa na mmoja, ila wanafunzi 20 wa mwaka ule wamekosa mtu wa kuwaonyesha. Ule mkataba wa 2021 na Uingereza wa kupeleka wauguzi huko ulipotiwa sahihi kila mtu alizungumzia Kiingereza, kwa sababu waziri alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa lugha walipita 10 tu. Sikusikia aliyeuliza nani atabaki kufundisha. Sasa tangu makubaliano na Ujerumani ya Septemba mwaka jana, Mutuku anatoka zamu anakimbilia darasa la Kijerumani mjini. Anafanya mazoezi ya kuhesabu akiandaa dripu. Namtakia heri, na ninaogopa siku atakayoniaga.

Nirudi kwa Chebet, maana najua unajiuliza kwa nini nisingetia tu sahihi yaishe, kama wanavyotia wengine.

Mwezi wa Julai tulipata muuguzi mpya, amemaliza shule, kitabu chake kimejaa sahihi kutoka mwanzo hadi mwisho. Usiku mmoja nilikuwa wodi ya pili, nikasikia ananiita kwa sauti ambayo haikuwa sauti yake. Mama alikuwa amejifungua robo saa iliyopita. Damu ilikuwa imeloweka shuka, imeshuka hadi chini, na binti wa watu amesimama na glavu mikononi, hajui aanzie wapi. Nilimkanda mama tumbo hadi mji wa mimba ukajikaza, nikamwambia yule binti avute kwenye sindano oksitosini, dawa ya kuukaza mji, tukaweka dripu mbili, tukaita daktari, tukampa na ile dawa ya kugandisha damu. Mama alipona. Mtoto wake anaitwa Baraka. Baada ya hapo yule binti aliniambia kitu ambacho sijamwambia mtu ila wewe: "Sista, sijawahi kushika tumbo la mzazi anayevuja damu. Nilitiliwa sahihi tu."

Nawe unajua utafiti ule uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliotangazwa mwaka wa 2023, wa kumlaza mzazi juu ya plastiki yenye mfuko wenye alama za vipimo ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho, na matibabu yote yaanze kwa pamoja mara damu ikivuka kiwango. Damu nyingi ya hatari ilipungua kwa asilimia 60! Nilifurahi sana niliposikia. Lakini mfuko hauiti mtu. Ni lazima awepo muuguzi anayeutazama, na mikono yake iwe imeshawahi kufanya kile inachotakiwa kufanya. Sahihi ya uongo katika kitabu cha mwanafunzi naiona sasa kama shuka lile. Siwezi, Rehema. Siwezi kabisa.

Wengine wananiambia kuna sanamu za mafunzo siku hizi, hata zinazotoa damu ya kuigiza. Nazipenda, na chuo kisicho nazo kinawanyima wanafunzi mwanzo mzuri. Ila wewe ulijifunza vipi? Mimi nilijifunza kwa Sista Grace. Aliniwekea mikono yake juu ya mikono yangu, kichwa cha mtoto kikija, akaninong'oneza, "Usivute. Subiri. Yeye mwenyewe anajua njia." Mpaka leo nikipokea mtoto nausikia uzito wa mikono ile. Na kumbuka Sista Grace mwenyewe alikuwa muuguzi wa cheti, akapandia diploma kwa ule mpango wa shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi ulioanza 2005, wa kusomea kwenye kompyuta. Wauguzi 22,000 ndio waliolengwa. Alikuwa anasoma saa ya chakula, miwani imeshuka puani, uji unapoa. Nadharia aliipata kwenye kompyuta. Mikono alikuwa nayo tayari, ya miaka 20. Hawa wetu wanapewa nadharia kwanza na mikono hawapati popote.

Na tusisahau kwamba sisi wenyewe tuna deni hapo. Mwaka wa 2017 tulipogoma tukakaa nje miezi mitano, kuanzia Juni hadi mwanzo wa Novemba, tulikuwa na haki na ningegoma tena. Lakini wanafunzi wa mwaka ule walikuja wodini wakakuta vitanda vitupu. Wengine wao leo ndio wasimamizi wa zamu. Sijui kama kuna aliyewahi kukaa nao akawauliza walikosa nini, na… basi, hilo tuliache, nitaandika mpaka usiku.

Jana nilikuwa zamu ya mchana. Saa mbili asubuhi nani anaingia? Chebet. Hakuwa na kitabu. Jumamosi si siku yake ya wodi. Akasema, "Sista, sijaja kuomba sahihi. Naomba nikae tu, nisaidie, labda itapatikana nafasi." Alipanguza meza, alipima presha za wazazi 14, alimsindikiza mama chooni mara tatu. Saa tisa na nusu alasiri wenzake walikuwa wameenda kula. Mama wa uzazi wa pili, njia imefunguka yote. Nikamwita. Nikaweka mikono yangu juu ya yake, na nikasikia maneno ya Sista Grace yananitoka mdomoni. Msichana, kilo tatu na robo, akalia kabla hajafika kitandani. Chebet alisubiri kondo la nyuma kwa utulivu, akalikagua vizuri, akapapasa tumbo la mama bila kuambiwa. Nilimtuma akalete kitabu chake Jumatatu. Kwa hiyo sasa zimebaki tano, na hizo tano hapa kwetu hazitapatikana kabla ya Novemba.

Ndiyo maana nakuandikia. Uliniambia kuna usiku huko mlipokea watoto saba mkiwa wawili, na hamna wanafunzi wengi kiasi cha kukanyagana. Sitaki wiki nne za kumkamilishia hesabu. Nataka akae na wewe mpaka aone uzazi unaokwenda vizuri na ule unaokwenda kombo, na akifanya vibaya umkatalie sahihi kama nilivyomkatalia mimi. Baba yake ameuza ng'ombe wawili kwa ajili ya karo. Sitaki apewe huruma kwa sababu hiyo, nataka afundishwe kwa sababu hiyo.

Nimeongea na mwalimu wake wa kliniki, mtu mwema aliyelemewa, ana wanafunzi katika hospitali nne na miguu miwili. Amekubali Chebet asubiri aingie kwenye orodha ya kikundi kinachofuata, mradi apate barua kutoka kwenu.

Sasa niambie. Je, metroni bado ni Mama Zawadi, au wamemhamisha? Niandike barua mimi kwanza, au iende moja kwa moja kutoka chuoni? Kile chumba cha nyuma bado kiko wazi, ama shangazi alishahamia? Anaweza kulipa chakula, usikatae, ni mtoto mwenye heshima na ataona vibaya akila bure. Akipanda treni ashukie Mariakani halafu achukue gari la Kinango, ama barabara ile mvua ikinyesha haipitiki? Glavu mnazo, au nimtilie za kwake kwenye begi? Na wewe, mgongo wako vipi? Ile fomu ya kupandishwa cheo ilijibiwa, au bado iko mezani kwa mtu? Kuna wakati ulisema nawe umepigiwa simu na wale wa Uingereza. Ulipowajibu ulisema nini? Niambie ukweli, hata kama umekubali.

Nijibu kabla ya Jumatano, maana Alhamisi mwalimu wake anapeleka majina.

Msalimie Bi Mishi na watoto. Chebet hajawahi kuiona bahari. Siku yake ya mapumziko, ukiweza, mpeleke mpaka Diani japo kwa saa moja.

Wako,
Wambui