Kabla ya kukuuzia miche ya lavenda tutakuuliza shamba lako likoje

Watu wengi wakitupigia simu swali la kwanza ni mche bei gani, na sisi tunajibu kwa swali, shamba liko wapi na mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi? Kuna wanaoona kama tunawazungusha, hapana jamani, lavenda, huu mmea wa maua yenye harufu nzuri unaotoa mafuta ya manukato, huku nyanda za juu haiuliwi na baridi, inauliwa na maji.

Sisi ni familia ya viazi na mahindi hapa Njombe, tangu enzi za babu. Viazi vinalipa mwaka ambao bei imekaa vizuri, ila dalali anakuja shambani anataka lumbesa, masika barabara ni tope lori halipandi, ukisubiri vinaota, na Juni Julai ile baridi ikishuka usiku asubuhi unakuta majani yote yameungua meusi. Lavenda iliyoshika vizuri hiyo baridi inaihimili, na ukishakausha maua au ukayatoa mafuta kwa mvuke mzigo unabebeka hata kwa bodaboda, unakaa nao ndani mpaka upate mnunuzi wa maana. Hicho ndicho kilichotugeuza. Mahindi ya kula bado tunalima, na kila anayetuuliza tunamwambia asing'oe kila kitu kwa mkupuo, maana mwaka wa kwanza maua ni kiduchu, mavuno ya kueleweka ni kama mwaka wa tatu, sasa hapo katikati watoto wanakula nini?

Turudi kwenye maji. Mizizi ikikaa kwenye udongo uliolowa muda mrefu inaoza, na ubaya wake huoni mapema, mche juu uko fresh kabisa, halafu tawi moja linanyauka, kesho la pili, unamwagilia ukidhani ni kiu na hapo ndo unaumaliza. Ukiung'oa unatoka bila kubisha, mizizi imekuwa ya kahawia, laini, ukiivuta ganda linabaki mkononi. Dawa haiurudishi. Kwa hiyo ndugu zetu wa Tukuyu ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka tunawaambia ukweli, chai, ndizi na parachichi zinawatosha, hatutaki hela yenu kwa kitu kitakachokufa. Mwenye mteremko, udongo wa kichanga au changarawe, huyo tunaongea, ila panda kwenye tuta, la kufika futi moja kwenda juu, na mtaro wa kutolea maji uwe tayari kabla ya mvua za Novemba.

Kingine ni tindikali. Udongo wetu mwingi huku ni mchachu na lavenda inataka pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi) ya 6.5 kwenda juu, kwa hiyo chukua udongo sehemu tofauti za shamba, changanya, peleka Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya, wakupimie, ndo ujue chokaa ya kupunguza uchachu ni kiasi gani. Yurea achana nayo, utapata majani mengi, maua hamna.

Na mbegu? Hatuuzi. Miche ya mbegu inatoka kila mmoja na tabia yake, mafuta hayafanani, na ile lavandini yenye mafuta mengi ni chotara wa lavenda, haizai mbegu za kuota, akikuuzia mtu mbegu za lavandini kimbia. Sisi tunakata vipandikizi, yaani vipande vya matawi vya kuotesha, kwenye mashina tunayoyajua. Lavandini inatoa mafuta mengi zaidi ila yana harufu ya kafuri, yanafaa sabuni, lavenda yenyewe inatoa kidogo lakini wa manukato ndo wanaitaka. Tuambie unamlenga nani tukushauri aina.

Hesabu ya heka moja kwa nafasi ya mita moja kwa moja ni kama miche 4,000, lakini anza na robo. Oda weka mapema, vipandikizi vinataka wiki kadhaa kutoa mizizi, na ukija kuchukua miche njoo na majibu ya udongo, bila hayo tutakupa chai utarudi mikono mitupu.