Sola paani, friji inavujisha baridi

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme kuhusu hii migahawa inayojitangaza siku hizi kuwa rafiki wa mazingira. Mi ni mpishi, nimekaa jikoni miaka, kwa hiyo naongea niliyoyaona siyo ya kusikia.

Mgahawa niliokuwa nafanya kazi walifunga sola, paneli paa zima, bango mlangoni, wateja wakapiga picha, safi kabisa. Ila huku nyuma friji kubwa ilikuwa imebanana na jiko la gesi, raba ya mlango imechanika, ukifungia kipande cha karatasi pale mlangoni ukakivuta kinatoka chenyewe wala hakishiki, yani baridi inatoka usiku na mchana na kompresa haipumziki. Nikasema, nikarudia, naambiwa tutaangalia. Raba tu jamani! Umeme wa jua tunauvuna juu afu tunaumwaga chini.

Na kuna hili la saa. Jua linawaka mchana, sisi wateja wanajaa usiku, sasa kama hakuna betri za kutosha shifti ya jioni inapata nini? Ndo maana mi ningeanza na hita ya maji ya sola, maji yanapata moto mchana yanakaa kwenye tangi lake yana moto mpaka usiku, na jikoni kuosha vyombo hakuishi.

Mabaki ndo usiseme. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti yao ya 2024 walisema mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na migahawa, hoteli na wenzao walichangia kama tani milioni 290. Sishangai, hizo ndoo nimezibeba. Chakula kikifukiwa dampo kinaoza kinatoa gesi ya methani, ambayo kwa uzito uleule inapasha dunia joto kuliko hata kaboni dioksaidi, wakati methani hiyohiyo ukiikamata kwenye mtambo wa bayogesi unawasha jiko. Ila mtambo nao una masharti, plastiki hautaki, mafuta yakizidi unagoma, kwa hiyo lazima mabaki yatengwe palepale sahani zinaporudi, siyo baadaye.

Mi niliomba ndoo moja tu ya pili kwa kazi hiyo. Nikajibiwa itaharibu mwonekano wa jiko.

Mpishi